Geti, Tasbihi na Dawa ya Presha

Ukishuka Picha ya Ndege, Kibaha, na kuiacha Barabara ya Morogoro na malori yake, unaingia kwenye mitaa ya kuta na mageti ya chuma. Nyumba nyingi za hapa zimepanda tofali kwa tofali. Mtumishi wa Dar es Salaam alinunua kiwanja Kibaha bei ikiwa bado ya kushikika, akaweka msingi mwaka huu na lenta mwaka mwingine, na alipotimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima serikalini, akahamia. Watoto wako Dar, Dodoma, wengine ng'ambo. Jioni wanapiga simu: baba, pumzika sasa, umehangaika vya kutosha. Na baba anapumzika kweli. Ana televisheni, ana feni, ana binti wa kazi. Hana anayemngoja popote.

Swali ni kama hali ya roho na moyo wa mzee huyu ina sehemu yoyote katika afya ya ubongo wake. Mimbarini na madhabahuni jibu liko tayari: mwenye imani hupata utulivu, na utulivu huhifadhi akili. Kliniki nako kuna jibu lake: pima presha, pima sukari, tembea. Majibu haya mawili hayagombani, lakini yote mawili yanapita kando ya jambo ambalo ushahidi unalielekea zaidi. Katika dini na furaha za uzeeni, kinachoonekana kuulinda ubongo ni kile kinachomtoa mzee nje na kumpa watu wanaomtarajia. Utulivu wa kukaa peke yako, hata tasbihi ikiwa mkononi, haujathibitika kuwa dawa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, demensia. Mzee anayesahau jina la jirani, kisha likamjia baada ya dakika kumi, hana shida kubwa. Anayepotea njia ya msikiti aliyoipita miaka 20, au anayebishana na mkwewe kwamba hajanywa chai na kikombe bado kina joto, huyo anaumwa. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 uliwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na baada ya hesabu za umri kusawazishwa ukakuta asilimia 6.4 wana demensia. Familia nyingi za huko ziliichukulia hali hiyo kuwa uzee tu, na kwa uzee tu hakuna anayepanda bodaboda kwenda hospitali.

Kazi ya Hai ilizaa kipimo kiitwacho IDEA ambacho hakidai mtu awe amesoma. Mzee anatajiwa maneno atakayoulizwa baadaye, anaombwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, kisha anapewa njiti za kibiriti apange umbo lililo mbele yake. Njiti zilitumika kwa sababu wazee wengi wa vijijini hawakupata kuzoea kalamu. Ukimpa mtu wa namna hiyo penseli achore saa, utakuwa unampima shule aliyoikosa, na akili yake utaiacha bila kuigusa.

Kuhusu chanzo, jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya demensia duniani. Mengi ni yale yale ya kliniki: presha, kisukari, lehemu, unene, sigara, pombe, kuumia kichwa, hewa chafu. Mawili tu yanaugusa moyo moja kwa moja, nayo ni sonona, iliyopewa asilimia 3, na kutengana na watu, asilimia 5. Mhubiri anayesema sala inatosha ana mambo mengine 12 ya kujibu.

Ila hayo mawili hayakai peke yake. Mzee mwenye mawazo mengi hali vizuri, halali, hatoki, na dawa za presha anazimeza akikumbuka. Msongo wa muda mrefu huuweka mwili katika hali ya tahadhari: homoni ya kotisoli hubaki juu, usingizi hukatikakatika, na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu mpya, haistahimili vizuri mzigo huo. Huzuni, basi, hufika kwenye ubongo kwa njia nyingi kuliko ile asilimia 3 iliyoandikwa kwa jina lake.

Kituo cha Rush, Chicago, kimewafuatilia mamia ya wazee kwa miaka mingi. Mwaka 2007 Robert Wilson na wenzake walieleza kwamba waliojiona wapweke zaidi walikuwa na uwezekano wa zaidi kidogo ya mara mbili wa kupata ugonjwa wa Alzheimer, aina kuu ya demensia, kuliko wasio wapweke. Mwaka 2010 Patricia Boyle na wenzake wakaongeza kwamba wazee walioona maisha yao yana lengo walikuwa na uwezekano wa takriban mara 2.4 wa kubaki bila ugonjwa huo, wakilinganishwa na walioona hawana tena la kufanya duniani. Takwimu hizi hupendwa sana kwenye makongamano. Zinastahili kupendwa kwa tahadhari, maana ugonjwa huu huanza chinichini miaka mingi kabla ya kuonekana. Anayeanza kukosa maneno huogopa aibu, akaacha kwenda barazani kabla hata mkewe hajajua kuna nini. Na wanaoonekana msikitini au kanisani kila siku ni wale ambao miguu na akili bado vinawafikisha. Upweke umeleta ugonjwa, au ugonjwa umeleta upweke? Kuwatazama watu kwa miaka hakulifungui fundo hili lote.

Kinacholilegeza ni majaribio ya kuwagawa watu kwa kura, hawa wapewe jambo, wale wasipewe. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya mawili makubwa. Huko Marekani wazee 585 waligawanywa katika makundi, wengine wakafundishwa kutuliza fikra, wengine mazoezi ya mwili, wengine vyote viwili, na wengine masomo ya kawaida ya afya. Kumbukumbu za waliotulizwa fikra hazikuzidi za wenzao. Huko Ufaransa, mjini Caen, wazee 137 walishiriki jaribio la miezi 18. Wapo waliofundishwa kutafakari, wapo waliofundishwa Kiingereza, wapo walioachwa na maisha yao. Picha za ubongo hazikuonyesha kwamba kutafakari kumeukuza ubongo kuliko mengine. Huenda miezi 18 haitoshi, na washiriki walikuwa watu wenye afya tangu mwanzo. Bado, anayetaka kumuuzia mzee utulivu kama kinga ya ubongo hana risiti.

Sasa linganisha na Baltimore. Mpango mmoja wa huko uliwapeleka wazee kwenye shule za msingi wakawasaidie watoto kusoma, angalau saa 15 kwa wiki. Michelle Carlson na wenzake waliwapima kwa picha za ubongo wazee 111 waliogawanywa kwa kura, na mwaka 2015 wakaripoti kwamba baada ya miaka miwili hipokampasi za waliokwenda shuleni, hasa wanaume, hazikusinyaa kama za waliobaki nyumbani. Ni watu wachache, na matokeo ya wanawake hayakuwa na nguvu ile ile. Lakini hebu itazame dawa yenyewe. Mzee aliamka, akavaa, akatoka, akapanda basi, akakuta mtoto anamngoja na kitabu. Hakuna aliyemwambia apumzike.

Ukiitazama ibada ya kwetu kwa jicho hilo, unaanza kuona sehemu zake zenye nguvu. Swala ya alfajiri ya jamaa inamtaka mzee akate usingizi, atie udhu kwa mpangilio usiobadilika, atembee gizani kwa kumbukumbu ya miguu, aingie kwenye safu bega kwa bega, afuate rakaa bila kupotea hesabu, kisha asalimiane na watu na kuulizia wagonjwa. Hayo yote kabla jua halijachomoza, na kesho tena. Asipoonekana siku mbili, mtu anatumwa. Jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki na ibada za nyumba kwa nyumba za Walutheri zina kitu hicho hicho kwa namna nyingine: zamu. Wiki hii kwako, kwa hiyo lazima ukumbuke, ufagie, upange viti, na uwepo. Mzee yule yule akiamua kusali nyumbani kwa sababu ya goti, imani yake haijapungua hata chembe, ila watu wote wale wamemponyoka. Redio na televisheni za dini zimewafariji wengi na sizibezi. Lakini redio haimuulizi mzee mbona jana hakuonekana.

Kuna faida nyingine ya maneno ya ibada ambayo huonekana ugonjwa ukiwa umekwisha kuingia. Yaliyohifadhiwa utotoni kwa kurudiarudia na kwa sauti hudumu kuliko mengine. Mama aliyesahau majina ya watoto wake anaweza kuisoma Alhamdu yote, au kuitikia wimbo wa kwaya hadi ubeti wa mwisho, uso ukakunjuka. Huko Hai wamejaribu tiba ya vikundi ya kuchangamsha akili, vikao 14 ambamo wazee wenye demensia huzungumza, huimba na hushika vitu vya zamani, na tiba hiyo ilipunguza makali ya hali yao. Hakuna kikao kinachorudisha kilichokufa katika ubongo. Kinachorudi ni mtu kuwa mtu mbele ya wenzake kwa saa nzima, na nyumba inayomtunza hupumua.

Halafu kuna utani, ambao wataalamu wa afya hawautaji popote. Bibi wa Kizaramo humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, na mchezo huo una masharti yake.

"Mume wangu, ndo umekuja mikono mitupu?"

"Mke gani wewe, mume anaingia hata maji hujampa? Naoa mwingine."

"Oa! Nani atakukubali na miguu hiyo ya kuku?"

Hapo bibi amemtambua mtu, amekumbuka uhusiano, amepima kauli, ameijibu papo kwa papo, na amecheka. Jaribu kumfanyia mzee kipimo chenye mambo yote hayo kwa sekunde 15. Watani wa ukoo na wa makabila hufanya kazi pana zaidi. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, uliokomaa enzi za misafara ya kwenda Pwani, uliingia hadi msibani, mtani akimkejeli marehemu mbele ya jeneza na mfiwa akajikuta anacheka machozi yakiwa hayajakauka. Ukihamia kwenye mtaa wa mageti ambako jirani yako wa kushoto ni Mhaya na wa kulia ni Mpare, na mjukuu anakuja Krismasi na simu mkononi, mtani umemwacha ulikotoka. Sioni kwamba hilo ni jambo dogo.

Kisarawe, jirani wa Kibaha upande wa kusini, watu bado wana baraza. Katika vijiji vya kuelekea Maneromango, kwenye minazi, mikorosho na mihogo, mzee hajastaafu kwa sababu hakuajiriwa. Anaamua mgogoro wa mpaka, anaulizwa nani alizikwa wapi. Mchana anacheza bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kabla ya kuingiza kete moja, mchezaji anaisafirisha kichwani: itateka pale, zitazunguka kutokea shimo la kichwa, zitalala lile shimo, na mwenzangu atanijibu vipi. Watazamaji watano wanabisha kwa sauti na mmoja anadai kete imeruka shimo. Sihitaji kudai kwamba bao huzuia Alzheimer. Natosheka kusema kwamba Mwalimu Nyerere, aliyelipenda, hakuwa amekaa kupumzika alipokuwa akilicheza.

Lakini msomaji asiichukue Kisarawe akaifanya pepo. Kijijini ndiko mzee mwenye presha anaweza kuishi nayo miaka bila kujua, akaijua siku mdomo ulipopinda. Mjini nako si salama. Utafiti wa kiharusi Tanzania wa mwaka 2003 hadi 2006 ulikuta Dar es Salaam watu takriban 316 kwa kila 100,000 wakipata kiharusi kwa mwaka, na Hai 109, umri ukiwa umesawazishwa. Kiharusi, hata kile kidogo kisichoonekana, ni mlango mpana wa demensia. Hapa ndipo dini inaweza kugeuka sumu. Mzee anaambiwa kwenye maombezi kwamba ameshapona, anaacha vidonge. Mwingine anaambiwa presha yake ni jini na kikombe cha makombe kinatosha. Presha haina dalili nyingi, kwa hiyo mwezi wa kwanza kila mtu anaona mafanikio.

Na kuna dhuluma mbaya kuliko hiyo. Bibi anayetangatanga usiku, anayezungumza peke yake, anayemtuhumu mkwe kumwibia, ana dalili zinazofahamika za demensia. Katika sehemu za nchi yetu, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wenye macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni wa miaka 50, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Pwani hatujafika huko, ila minong'ono ipo na mzee huisikia. Kenneth Pargament na wenzake huko Marekani waliwafuatilia wagonjwa wazee 596 kwa miaka miwili, na mwaka 2001 wakaandika kwamba walioamini Mungu amewatupa, au kwamba shetani ndiye aliyewaletea ugonjwa, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa, kwa asilimia 19 hadi 28 kutegemea walichoamini. Anayemnong'oneza mgonjwa kwamba amerogwa anamwongezea ugonjwa.

Kinachohitajika mara nyingi kinachosha kwa udogo wake. Katika orodha ya Lancet, usikivu hafifu ulipewa asilimia 7, zaidi ya sonona na upweke mmoja mmoja. Mzee asiyesikia hotuba ya Ijumaa huacha kukaa mbele, kisha huacha kujibu, kisha huacha kuja, na watu husema amekuwa mkimya kwa hekima. Mtoto wa jicho humfanyia hivyo hivyo mwenye kupenda msahafu au Biblia, naye hutolewa kwa upasuaji mfupi. Wakati mwingine nta ya sikio ndiyo imemtenga mtu na jamaa yake yote. Kamati ya msikiti inayochangisha fedha za marumaru inaweza kumwita muuguzi baada ya swala, na mashine ya presha na kifaa cha kuangalia masikio, kwa gharama ya maboksi machache ya marumaru hizo.

Picha ya Ndege ina hazina ambayo Baltimore ililazimika kuitafuta. Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963, liliufanya mji huu kuwa mji wa shule. Nyuma ya mageti haya kuna walimu, wauguzi na makarani wastaafu, na mitaa michache mbele kuna madarasa ya msingi yenye watoto wanaohitaji mtu wa kuwasikiliza wakisoma sentensi moja. Na kusikiliza hakuishii kwa watoto. Mzimbabwe Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa Mbare, Harare, akawafundisha kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza wenye mawazo. Mwaka 2016 jaribio likaonyesha wasikilizwaji wanapata nafuu, na wazo hilo limefika hadi Zanzibar. Sisi tuna mabaraza ya wazee hadi ngazi ya mtaa, ambayo huitwa kiongozi anapokuja, yakaketishwa mbele, yakapigwa picha na kurudishwa nyumbani.

Nimesema mzee anahitaji kuhitajiwa. Nikiishia hapo nitakuwa nimeandika kuhusu wanaume. Bao ni la wanaume, baraza ni la wanaume, na safu ya mbele msikitini ni ya wanaume. Bibi wa Kisarawe amehitajiwa kupita kiasi. Mwanawe yuko Kariakoo anabeba mizigo, binti yuko Kimara kwenye kazi za ndani, na wajukuu wanne wako kwake. Ana presha, kadi ya kliniki imefungwa kwenye ncha ya khanga, na siku ya kliniki mdogo wao ana homa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa asiyejiweza, lakini haikumpa nauli wala wa kumwachia mtoto. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuuliza aliwahi kuajiriwa wapi, na Bara tumekuwa tukichagua kaya maskini moja moja kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF. Bibi huyo hana upweke wala hakosi lengo maishani. Amechoka, usingizi wake ni wa saa nne tu, na kikundi chake cha akina mama cha kusoma maulidi amekikosa tangu mjukuu wa nne aletwe. Jirani wa kumkalia watoto siku ya kliniki, na jioni moja kwa wiki ya kwenda kuitikia maulidi pamoja na wenzake, vingeufaa ubongo wake kuliko hotuba yoyote kuhusu thamani ya familia.